Bata wa Uani

Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika habari za Mombasa, akavitaja vilivyomvutia: mtama na mchele, machungwa na ndimu, makomamanga, maji matamu, kondoo wa mikia ya mviringo, ng'ombe, na kuku wengi walionona. Bata hakumtaja. Yule anayeonekana leo katika nyua za kisiwani, mkubwa, mweusi aliyechanganyika na weupe, mwenye manundu mekundu usoni, wakati huo alikuwa bado yuko kwao, kando ya mito na vinamasi vya Amerika ya Kati na ya Kusini.

Wenyeji wa huko walimfuga kabla Columbus hajavuka bahari. Katika karne hiyo hiyo ya 16 Wareno na Wahispania walimpakia merikebuni, akasambaa Ulaya na Afrika kwa njia zile zile zilizoleta muhogo, mahindi, nanasi na mkanju. Leo hakuna mtu wa pwani anayeuona muhogo kuwa mgeni, na bata huyu naye huitwa wa kienyeji bila mtu kusita. Wataalamu wa mifugo humwita Muscovy.

Jamaa zake wa mabanda ya biashara ni wengine kabisa. Pekin mweupe, Khaki Campbell wa rangi ya kaki na Runner mwenye shingo iliyosimama wima, wote ni kizazi cha bata mwitu wa kaskazini mwa dunia, yule ambaye dume lake lina kichwa cha kijani. Muscovy si wa ukoo huo. Akipandana na Pekin, watoto hunona vizuri lakini huwa tasa, kama nyumbu azaliwaye na punda na farasi. Mayai ya Pekin huanguliwa kwa siku 28. Ya Muscovy huchukua siku 35 hivi. Pekin akipata maji ya kutosha hushinda ndani yake. Muscovy hupenda kupanda juu, kwa kuwa ana kucha kali na kwao hulala mitini. Mfugaji asiyeijua tofauti hii hushangaa jioni kumkuta bata wake amejikalia juu ya ukuta wa jirani.

Na Mombasa, ukuta wa jirani ndio mwanzo wa mambo yote. Kisiwa kizima ni kilomita za mraba 14 hivi. Mji wa Kale, unaolindwa kama eneo la hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, hauzidi sana hekta 70, na ndani yake nyumba zimeegemeana hivi kwamba chumba cha mmoja na uani wa mwingine vinatenganishwa na ukuta mmoja tu wa matumbawe na chokaa. Katika mtaa wa Majengo nako, nyumba za Kiswahili zenye ushoroba katikati na uani nyuma zimesongamana vivyo hivyo. Vitabu vingi vya ufugaji vimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye shamba na bwawa, na mkaazi wa kisiwani akivifungua havimjibu. Maswali yake ni matatu: ni bata gani asiyepiga kelele, maji safi yatoke wapi, na maji machafu yaende wapi.

Swali la kwanza ni jepesi. Jike la Pekin lina sauti ya kupenya, na likishtuka usiku huwaamsha wenzake wote wakaitikia. Katika kichochoro cha Kibokoni, ambako kikohozi cha mzee husikika nyumba ya tatu, kelele hizo saa nane za usiku haziwezi kuvumiliwa na yeyote, hata kama mayai yatagawiwa mtaa mzima. Dume la Muscovy halina sauti hiyo. Hutoa pumzi nzito kooni, huku likitikisa kichwa mbele na nyuma na kusimamisha manyoya ya utosini. Jike hutoa vijisauti vyembamba anapowaita watoto au anapoona hatari, basi. Pekin ana sifa zake: hufikia uzito wa kuchinjwa, kilo tatu au karibu yake, katika wiki saba au nane, na mwenye eneo kubwa nje ya kisiwa, Mtwapa au Kisauni, hana sababu ya kumkataa. Khaki Campbell, ambaye Adele Campbell alimtoa kwa kuchanganya mbegu huko Uingereza karibu na mwaka 1900, akilishwa barabara huweza kupita mayai 280 kwa mwaka, idadi ambayo Muscovy haikaribii. Lakini kisiwani ukimya una thamani kuliko mayai, na wazee waliomchagua bata wa kienyeji kwa nyua zao walichagua vizuri.

Dume moja linawatosha majike wanne au watano. Ni kubwa mno: huweza kufika kilo tano na kuzidi, ilhali jike halizidi sana kilo mbili na nusu au tatu. Madume mawili katika uani mmoja mdogo hupigana kwa mabawa na kucha mpaka mmoja atoe damu, na majike hupandwa mfululizo hadi manyoya ya kisogoni yakanyonyoka. Anayeanza na dume moja na majike watatu amejipa kazi anayoiweza.

Kuhusu kuruka, dawa yake ni mkasi. Manyoya marefu ya ncha ya bawa moja hukatwa, la pili likaachwa, ndege akakosa mizani akijaribu kupaa. Haumii, kwa sababu unyoya uliokomaa hauna damu ndani yake. Unaochipuka ndio wenye damu na haukatwi. Akibadilisha manyoya, kazi hurudiwa. Majike ndio wa kuangaliwa zaidi. Dume zito hupata shida kunyanyuka, lakini jike jepesi hutoka uani, likapita juu ya mabati na kushukia barabarani Ndia Kuu penye tuktuk na mikokoteni.

Swali la maji ndilo linalowakatisha wengi tamaa, kwa kuwa wamezoea kuambiwa kwamba bata bila bwawa ni ukatili. Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwemo Marian Dawkins, mtaalamu wa tabia na ustawi wa wanyama, walichapisha matokeo ya kuwalinganisha bata wa Pekin waliopewa maji ya kuogelea, maji ya kihori, maji ya kunyunyiza kutoka juu, na chuchu za kunywea peke yake. Waliopewa chuchu tu ndio waliokuwa na hali mbaya ya macho, pua na manyoya. Waliopewa mnyunyizo au kihori walikuwa na afya sawa na wa bwawani. Bata anahitaji kuzamisha kichwa chote, kuosha macho na matundu ya pua, kisha kujimwagia maji mgongoni ili apate kujipaka mafuta ya tezi iliyo juu ya mkia. Beseni la plastiki la kufulia, lenye kina cha shubiri moja, linayatimiza hayo yote.

Maji yenyewe yanatoka mbali. Bomba la kutoka chemchemi za Mzima, lililokamilika mwaka 1957, huyaleta kutoka upande wa Tsavo, kilomita 220 hivi, na pamoja na vyanzo vya Baricho, Marere na Tiwi bado Mombasa hupata chini ya nusu ya maji inayoyahitaji. Watu 1,208,333 walihesabiwa katika kaunti hii katika sensa ya 2019, na wengi wao wanaijua sauti ya mkokoteni wa jerikeni alfajiri. Kwa hiyo hesabu ifanywe kabla ya kununua bata. Mmoja hunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, na siku za joto la Februari na Machi hunywa zaidi. Beseni la kujioshea la bata wanne huchukua lita 15 hadi 20. Hiyo ni jerikeni moja kila siku, na pesa zake ziandikwe kwenye gharama kama zinavyoandikwa za pumba. Maji ya mvua ya masika yakikingwa kutoka paani hupunguza gharama hiyo kwa wiki nyingi. Kwenye nyumba zenye kisima, maji yake mara nyingi yana chumvi. Ya kuoga hayana neno kwa bata wakubwa wakipata mengine matamu ya kunywa, lakini vifaranga wasipewe kabisa, kwa sababu miili yao bado haiwezi kuitoa chumvi hiyo, na wengi hufa katika wiki ya kwanza.

Hapo ndipo swali la tatu linapoingia, na ndilo zito. Bata hunya mara nyingi, hunya majimaji, na hupenda kunya ndani ya maji yale yale anayoogea. Jioni beseni ni uji wa kahawia. Mtu akiumwaga mlangoni, unateremka kichochoroni wanakopita watu na kanzu zao kwenda msikitini. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, kinyesi cha ndege ni najisi hata kama ndege huyo ni halali kuliwa. Kwa hiyo mfugaji wa Mji wa Kale aliyeruhusu maji hayo yapite njia ya kwendea Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570, amewanajisia watu kanzu zao na kuwaharibia hewa yao. Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242 ya sheria za Kenya, nayo inawapa maafisa wa afya nguvu ya kumchukulia hatua anayefuga ndege au wanyama kwa namna inayoleta kero au madhara, na tangu Katiba ya 2010 masuala ya mifugo na udhibiti wa wanyama yamo mikononi mwa serikali za kaunti. Lakini kabla afisa hajafika, jirani amekwisha kununa, na Mji wa Kale mtu huishi na jirani yake maisha yote.

Njia nzuri ni kuyageuza maji hayo kuwa mali. Yana naitrojeni na fosforasi. Yakichanganywa na maji mengine kiasi mara mbili yake, humwagiliwa mimea iliyo katika makopo na ndoo: asmini, mrehani, mpilipili, mlimau. Nyumba yenye makopo kumi na tano darini huyamaliza maji ya bata wanne bila tone kufika njiani. Asiye na mimea humwaga kwenye karo la uani linaloingia shimoni, baada ya kuyachuja kwa gunia ili manyoya na matope yasizibe mfereji. Beseni huwekwa juu ya kokoto au kichanja cha mbao, si juu ya udongo, kwa sababu bata akipata udongo uliolowa huuchimba kwa mdomo mpaka uani wote uwe tope.

Beseni limwagwe kila siku, hata siku ambayo maji yanaonekana bado yanafaa. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, hutaga katika vyombo vidogo vya maji yaliyotulia karibu na watu, na katika joto la Mombasa yai hufikia kuwa mbu kamili kwa wiki moja au siku kumi. Mji huu umeshapata milipuko ya dengi zaidi ya mara moja tangu 2013, na chikungunya iliwalaza watu wengi kati ya mwisho wa 2017 na 2018. Ni kweli kwamba bata hula viluwiluwi vya mbu anavyovifikia, na sifa yake dhidi ya nzi ina ushahidi: mwaka 1990 watafiti wa Ontario, Canada, waliwaweka Muscovy katika mazizi ya ng'ombe na kuona kwamba walikamata nzi wengi kuliko mitego na karatasi za gundi. Hata hivyo bata hafiki ndani ya pipa, wala ndani ya kifuu kilichotupwa juu ya paa, wala ndani ya tairi bovu, na huko ndiko Aedes anakozaliana. Anayemfuga kwa kutumaini kwamba atawamaliza mbu wa nyumba anajidanganya.

Banda halihitaji ufundi mkubwa. Bata wanne wanatosheka na eneo la mita mbili za mraba la kulala, lenye paa lisilovuja na pande mbili za wavu ili upepo wa kaskazi na wa kusi upite. Sakafu ya saruji tupu huwatoa vidonda vya nyayo, kwa hiyo hutandikwa maranda kutoka kwa maseremala, au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuanikwa. Maranda yaliyolowa huondolewa kila baada ya siku mbili tatu. Kuku wasilale humo. Mwenye kuku na bata hutaka kuokoa mbao, akawaweka pamoja, na matokeo yake ni kuku wanaokanyaga unyevu usiokauka, na unyevu huo ndio unaokuza vimelea vya kuhara damu katika vifaranga wa kuku.

Chakula cha bata wa kisiwani hutoka jikoni na sokoni, na hapa pwani ina utajiri wake. Kila nyumba inayopika wali wa nazi, mbaazi au samaki wa kupaka hubaki na machicha baada ya tui kukamuliwa. Kuna wishwa na pumba, kuna ukoko uliolowekwa, kuna majani ya mchicha yaliyonyauka ambayo wauzaji wa Marikiti huyatupa jioni, kuna vichwa na matumbo ya samaki. Bata huvila vyote. Machicha hulisha lakini yana mafuta mengi na protini kidogo, kwa hiyo yachanganywe na pumba na kitu cha baharini: dagaa waliosagwa, au vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kuondolewa miiba mikubwa.

Dagaa wana faida nyingine. Vifaranga wa bata wanahitaji niasini, moja ya vitamini za kundi B, karibu mara mbili ya wanavyohitaji vifaranga wa kuku. Wakilishwa chakula cha vifaranga wa kuku peke yake, baada ya wiki mbili au tatu baadhi yao huanza kupinda miguu, kisha hukaa chini wakashindwa kusimama. Wengi hudhani ni baridi au jicho baya. Ni upungufu, na hamira ya unga au dagaa katika chakula huuzuia. Vyakula vya viwandani vilivyotiwa dawa kwa ajili ya kuku viepukwe pia, kwa sababu kifaranga wa bata hula zaidi kwa uzito wake na hivyo humeza dawa kupita kipimo.

Vipo vya jikoni ambavyo ni hatari kabisa. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi inayoweza kumuua kifaranga. Parachichi, hasa ganda lake na kokwa, lina sumu kwa ndege, na vibanda vya maji ya matunda hutupa maganda hayo kwa ndoo. Linaloua wengi zaidi, tena bila dalili ya mapema, ni ukungu.

Historia ya jambo hilo inaigusa Kenya moja kwa moja. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Mwaka huo huo maelfu ya vifaranga wa bata wa Pekin walikufa katika Bonde la Ufa. Uchunguzi uliwafikisha wataalamu kwenye karanga zilizoota ukungu zilizotumiwa katika chakula cha ndege hao, na sumu ya ukungu huo ikapewa jina la aflatoksini. Vifaranga wa bata walidhurika na kiasi kidogo mno cha sumu hiyo, kiasi kwamba maabara zilianza kuwatumia wale wa siku moja kama kipimo chake: walilishwa kilichoshukiwa, kisha ini likachunguzwa. Miaka 44 baadaye, mwaka 2004, sumu hiyo hiyo katika mahindi iliwaua watu 125 Ukambani na maeneo ya jirani. Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, gunia la pumba lililoegemezwa ukutani huota ukungu katika wiki chache, na machicha huchacha siku moja tu. Kwa hiyo pumba hununuliwa kidogo kidogo na kuwekwa juu ya mbao, na machicha huliwa siku ile ile au huanikwa jua kali. Mahindi ambayo mama mwenye nyumba ameyakataa kwa sababu yana vumbi la kijani yasiende kwa bata. Huo ndio ubahili unaogharimu zaidi.

Jike la Muscovy huanza kutaga likiwa na miezi sita au saba. Hutafuta pembe yenye giza, likajitandikia kwa manyoya ya kifuani mwake, na kuweka mayai 8 hadi 15. Kisha hulala. Kwa siku 35 hutoka mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache, kula, kunywa, kuoga na kurudi na unyevu kifuani unaosaidia mayai yasikauke. Ustahimilivu huu ndio unaolifanya lipendwe na hata wenye kuku, ambao huliwekea mayai ya kuku yakaanguliwa kwa siku 21. Kinyume chake pia hufanywa, kumlalisha koo la kuku juu ya mayai ya bata, lakini kuku huchoka kabla ya wiki ya tano, na vifaranga wanaotoka hukosa mafuta ya mama yanayozuia maji yasiingie manyoyani. Hao wakiingia majini hulowa, wakapigwa na baridi, wakafa. Hata wenye mama, beseni lao liwe la kina cha vidole viwili na mawe ndani yake ya kukanyagia, wapate kutoka wenyewe.

Wakishaanguliwa, adui yao Mombasa anajulikana na mtoto wa chekechea: kunguru wa Kihindi, ambaye wengi humwita kurabu. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, akaongezeka, akavuka, na kufikia mwaka 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Ameshawafukuza ndege wengi wadogo wa pwani kwa kula mayai na makinda yao, na mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kwa sumu kufikia mwisho wa mwaka huo. Bado wapo. Huja wawili wawili, mmoja akamchokoza mama kwa kuvuta mkia, mwingine akanyakua kifaranga. Jike la Muscovy hupigana kwa ushujaa wa kuhuzunisha, lakini haliwezi kugeukia pande mbili kwa wakati mmoja. Wavu wa nyavu kuukuu za uvuvi, uliotandazwa juu ya uani na kufungwa vizuri pembeni, ndio ulinzi wa kweli. Kwa wiki tano au sita za kwanza vifaranga wasitoke chini ya wavu huo, hata kwa robo saa. Paka na panya huja usiku, na matundu ya wavu wa banda yawe madogo kiasi cha kutopitisha kichwa cha panya.

Magonjwa hayamsumbui bata kama yanavyomsumbua kuku. Kideri, ambacho hufagia banda la kuku kwa siku chache, mara nyingi hakimlazi. Ila anaweza kukibeba na kukipeleka kwa kuku wa nyumba ya pili, kwa hiyo mwenye bata anayekaa karibu na wafuga kuku awahimize wapate chanjo. Homa ya mafua ya ndege nayo huweza kumpitia bata bila dalili. Ilipothibitishwa Uganda Januari 2017, Kenya ilipiga marufuku kuingiza kuku na bidhaa zake kutoka huko. Bata wawili watatu wakifa kwa ghafla katika siku moja, nyama isiliwe wala mizoga isitupwe jaani au baharini. Daktari wa mifugo wa kaunti aarifiwe. Na maji yenye samaki aliyeoza au mzoga ndani yake yamwagwe upesi, kwa sababu humo hukua sumu inayolegeza shingo ya bata na kumuua.

Mayai yake yana uzito wa gramu 70 au 80, kiini kikubwa na ute mzito, na yanafaa kwa mkate wa mayai wa Ramadhani kuliko ya kuku. Mawili hukaa mahali pa matatu. Yapikwe mpaka yaive kabisa, kwa kuwa hutagwa mahali penye unyevu na vijidudu vya salmonela hupenya ganda. Madume ya ziada huchinjwa yakiwa na miezi mitatu hadi minne, kabla nyama haijakakamaa. Ni nyama nyekundu, yenye mafuta machache kuliko ya Pekin, na hukaribia ya ng'ombe kwa ladha. Hunyonyolewa kwa maji ya moto yasiyochemka, manyoya madogo yakababuliwa kwa moto, na tezi ya juu ya mkia hukatwa yote kwa sababu harufu yake huenea nyama nzima. Kisha huchemshwa polepole kwa tangawizi, thomu na ndimu kwa saa moja na nusu au zaidi. Mafuta yanayoelea huenguliwa kwa upawa na kuwekwa kwa kukaangia viazi, na hapo ndipo tui zito humiminwa, likakorogwa mfululizo lisikatike.